Mushumaa Kwenye Picha ya Papa Aimée

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Papa Aimée amesema leo mbele ya chai: kama mpaka jumamosi hakuna mutu ataleta kitambaa, anafunga atelier yake ya kushona, anabeba mashini yake, anaenda kulima maharagi kwa kaka yake kule kijijini Miti. Mimi nibaki hapa Bukavu, Nyalukemba, kulinda nyumba. Miaka makumi mbili na sita ya ndoa! Nani sasa atalalamikia chumvi yangu?

Wateja wote wamekimbilia kwa Destin, mudogo wa jirani yangu Maman Adèle. Destin hata kupiga pasi hajui! Lakini Adèle anaweka nguo zake kila asubuhi kwenye statut ya WhatsApp. Ameniambia watu mia mbili na kumi wameangalia. Nikamuuliza kama wote wako na macho mazima. Akacheka. Nimechukia.

Mimi pia niko na telefone. Aimée, binti yetu aliyeolewa Uvira, njo alinitumia mwezi uliopita. Basi, tutaona.

Jumanne, 6 Agosti

Nimepiga video ya Papa Aimée akishona. Dakika nne. Kumbe telefone ilikuwa imegeuka, nimechukua kidevu changu. Dakika nne za kidevu!

Watu watatu wameangalia. Aimée. Abbé Adalbert, padri wetu, ambaye aliandika Mungu anibariki lakini hiki ni kitu gani. Na Adèle. Kwenye robinet, tukichota maji mbele ya watu, amesema kidevu kile kimeshonwa vizuri sana.

Nimekosa hamu ya kula. Nimekula kidogo tu, sahani mbili.

Jumatano, 7 Agosti

Nimepata! Kuna application ya kupamba picha. Nimechukua picha ya Papa Aimée kwenye carte yake ya électeur, ile ya kupigia kura, uso mukali kama anahesabu vifungo. Rangi ya shati haikunipendeza, nikaifanya nyeusi na nyeupe. Nikazungusha maua ya waridi. Pembeni nikaweka mushumaa unaowaka, ili watu waone mwangaza wa kazi yake. Nilipoangalia, machozi yalinitoka. Mwanaume muzuri hivi aende Miti?

Nimeiweka kwenye profil, kwenye statut, na kwenye groupe ya mamans wa shirika letu la kanisa, watu makumi tatu na ine. Sikuandika neno. Naogopa makosa, Adèle atacheka.

Telefone ikazimika hapo hapo. Courant hakuna tangu jana. Nimeipeleka kwa kijana wa kuchaji. Ataitoa ijumaa.

Alhamisi, 8 Agosti

Yesu Maria!

Papa Aimée alitoka mapema kwenda Miti kuangalia chumba. Nilikuwa natwanga majani ya sombe, nikasikia vilio barabarani. Nikasema maskini, nani tena? Kumbe wanaingia kwangu! Mamans wote wa shirika, viti vya plastiki kichwani, makala ya kupikia, unga, sufuria kubwa. Nikauliza nani amekufa. Wakalia zaidi. Maman Mélanie, présidente wetu, akaamuru wanishike vizuri, akili imepotea juu ya uchungu. Wakanikalisha kwenye mukeka, wakanifungua kitambaa cha kichwa. Nikaanza kulia kweli. Nilifikiri ni Aimée!

Adèle alijitupa chini. Alilia kwamba Bukavu nzima haijaona fundi kama Zagabe, bwana yangu, kwamba Destin hafikii hata kidole chake kidogo. Kila mutu alisikia.

Saa kumi Zagabe akaingia na muzigo wa maharagi.

Mélanie akaangusha mwiko. Adèle akanyamaza katikati ya neno. Papa Aimée, mutu wa heshima, akamushukuru Adèle kwa maneno mazuri aliyosema juu yake.

Ndipo walinieleza. Picha nyeusi, maua, mushumaa: hivyo njo watu wanatangaza kifo! Mbona hakuna mutu aliniambia? Mélanie alinikaripia mpaka sauti ikamukauka. Lakini bugali ilikuwa imeiva, na hakuna mutu anarudisha bugali kwake. Wakala.

Kwenye kilio mutu anavaa nguo ya zamani. Papa Aimée akaanza kuzunguka, anaangalia mabega. Akasema: hii nilishona mimi, mwaka Benoît wenu alibatizwa. Hii ya ndoa ya Aurore. Wamama wakageuza pindo, wakavuta mishono. Hakuna hata moja iliyoachia. Hata ya Adèle! Nguo moja tu ilikuwa imefunguka kwapani, ya Mélanie. Destin aliishona Pasaka iliyopita.

Mélanie akabana mukono. Nilisikia watu wakitafuna.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimechukua telefone. Aimée alikuwa amepiga mara hamsini na saba. Nilimupigia, nikamukuta kwenye parking ya magari kule Uvira na mufuko wake, anakuja kuzika, sauti imekwisha. Moyo wangu ulipasuka. Nikampa baba yake telefone. Yeye akasema tu kwamba maharagi ya Miti ni mazuri. Mutoto akacheka, akalia, kisha akanigombeza mimi. Ameniapisha: mushumaa kamwe.

Saa sita Mélanie akaleta vikwembe, vitambaa vya kushona nguo za sikukuu ya Mama Maria. Vyote! Makumi tatu na ine! Viwe tayari jumatano.

Papa Aimée hajataja tena Miti.

Jumamosi, 10 Agosti

Mashini inalia tangu asubuhi. Amelalamikia chumvi. Nilitabasamu peke yangu jikoni.

Adèle amekuja, sauti ya asali, kuomba Destin asaidie kukunja pindo. Papa Aimée amekubali. Mimi ningemuacha asubiri kidogo.

Wote wanasema ni mishono imerudisha wateja. Mimi najua ni telefone. Ila sasa nimejifunza: mushumaa moja ni kilio.

Leo Abbé Adalbert alisikitika kwamba kwenye misa ya asubuhi wanakuja watu sita tu. Maskini! Niko na picha yake nzuri ya Noeli. Waridi nimeondoa kabisa. Nimeweka malaika mukubwa, mabawa wazi, anamushika mukono. Na mishumaa mbili. Mbili haiwezi kuwa kilio, mbili ni sherehe.

Nimetuma kwa groupe zote.

Telefone imeanza kulia tayari.