Milamula Mia Tatu

Jumatatu, 12 Machi 1990

Daftari jipya. La zamani Eufrazia amelichana kufungia karanga. Hasara kwa taifa, lakini mke ni mke.

Habari kubwa leo. Mradi wa mazingira umefika kijijini kwetu Kanazi. Ofisa wake, Bwana Gamaliel, mtu wa Iringa, alitukusanya uwanja wa shule akatuambia miti imekwisha, udongo unakimbilia ziwani, na misitu yetu inaishia chini ya sangara wanaobanikwa. Watu wote wakageuka kunitazama. Eti kwa sababu mimi, Ildefons, ndiye ninayempelekea kuni Mashauri, yule Msukuma anayebanika samaki mwaloni, mitumbwi inakoshusha, huko Muleba. Sikuinamisha kichwa. Aliye msafi na ale sangara mbichi.

Halafu akasema neno tamu. Jumamosi ya tarehe 24 atakuja na mzungu wa mradi kuchagua shamba la mfano. Miti mia tatu, hai, kwa mistari. Mwenye shamba atapata bati thelathini na baiskeli mpya, na wageni wote wa kutoka Ulaya watalala kwake, kwa malipo, ili watazame mazingira. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi. Mwalimu Karugendo, jirani yangu mstaafu, mwenye kitalu cha miche nyuma ya nyumba, alinyoosha wake polepole, kama mwanafunzi anayejua jibu. Nitamshinda. Nimeshakata shauri.

Jumanne, 13 Machi

Nimeanza na kibao. Hakuna biashara bila kibao. Nilikata ule mti mkubwa wa mwisho uliobaki nyuma ya jiko, nikapasua ubao mzuri, nikaandika kwa rangi ya kijani: TUNZA MITI. KANAZI KIJANI. WAGENI KARIBUNI. Karugendo alipita, akasoma, akatazama kisiki, akasoma tena. Akauliza kama ubao umetoka mbali. Nikamjibu kwamba ubao umetoka karibu, na hiyo ndiyo faida yake: haukupanda gari, haukuchoma mafuta.

Pia nimechimba choo cha wageni, katikati ya mibuni, mahali penye upepo. Mzungu hupenda kuona ziwa akiwa mahali pale.

Tatizo moja tu. Ardhi. Kibanja changu ni chembamba. Kinachofuata ni kibanja cha mdogo wangu Privatus, kipana, chenye migomba inayoinama yenyewe kwa uzito. Privatus alifariki mwaka jana wiki ya Pasaka. Ule ugonjwa. Zamani tuliuita Juliana, kama vile vitambaa vilivyovuka na wachuuzi kutoka Uganda. Sasa redio imeupa jina lingine. Mimi sitaandika lolote. Nilimbeba mgongoni akiwa mdogo, na ninamkumbuka kila siku. Basi.

Amebaki mjane wake, Kokugonza, na watoto watatu. Baada ya Pasaka ukoo utakaa kuamua kibanja kiwe cha nani. Zamani jambo hili halikuhitaji kikao, mjane alirudi kwao. Siku hizi wazee wamekuwa laini, wamezika vijana wengi mno. Kwa hiyo lazima niwahi.

Alhamisi, 15 Machi

Nimechukua miche mia tatu ya mradi. Nimeipanda yote kwa siku moja, kwenye mibuni yangu. Karugendo amepanda arobaini tu, anachimba shimo la kila mche kama anazika chifu.

Na mimi nimetumia sayansi. Chama cha ushirika husema mbuni upewe mbolea kijiko kimoja. Nikapiga hesabu: mti ni mkubwa kuliko mbuni. Nimeupa kila mche kopo zima. Jumamosi ya wiki ijayo mzungu atakuta msitu.

Jumatatu, 19 Machi

Miche imekufa yote. Imekuwa ya kahawia kama tumbaku.

Karugendo alikuja, akang'oa mmoja, akanusa udongo, akasema kwa upole kwamba mbolea imeunguza mizizi. Angeweza kunipa miche ishirini ya kwake. Ishirini! Nikamwambia miche yangu imepumzika tu. Akaniuliza kama ni mapumziko kama yale niliyokuwa nayo vitani. Mtu huyu ana sumu. Kila mara lazima akumbushe kwamba mwaka sabini na tisa mimi nililinda masufuria ya mgambo. Masufuria hayo hayakuibwa hata moja.

Jumanne, 20 Machi

Nimepata. Nimepata!

Kati ya kibanja changu na cha Privatus kuna mstari wa milamula. Baba aliipanda siku aliyotugawia ardhi. Mtoto yeyote wa Kihaya anaujua mulamula: majani marefu, shina jembamba, unapandwa kwenye mpaka mbele ya mashahidi, na baada ya hapo haugusiki. Ni hakimu asiyekula rushwa. Lakini ni mmea wenye roho ngumu vilevile. Ukate kipande, ukichomeke ardhini, hata kichwa chini, unaota.

Sasa sikiliza, daftari. Nikiing'oa, mpaka haupo. Vibanja viwili visivyo na mpaka ni kibanja kimoja. Na vipande vyake ni miti ya mzungu. Jiwe moja, ndege wawili.

Alfajiri mvua ilinyesha kama imetumwa. Nikavaa koti langu la mvua, lile nililookota vitani, nikang'oa milamula sitini. Kila mmoja nikaukata mara tano. Mia tatu kamili, hata hesabu ilinipenda. Mashimo nikayafunika kwa nyasi za matandazo. Eufrazia aliona rundo nyuma ya nyumba, akashika mdomo. Akasema mulamula hauchezewi, unasema hata kama mwenyewe hukukusudia kusema. Mwanamke wa kule Ngenge huyo, anafikiri kila kitu kina mdomo. Nikamwambia mulamula ni mti, na sheria imo vichwani mwa wazee tu.

Alhamisi, 22 Machi

Siku ya kupanda. Nilitaka kuanzia mpakani na kuingia ndani ya migomba ya Kokugonza, mistari sita, ili ukoo ukija ukute nimeshalima, nimeshapanda, nimeshazoea.

Nikamkuta amesimama pale pale, jembe mkononi. Anatazama nyasi za matandazo. Akazisukuma kwa mguu, akaona shimo. Akasogea, akaona la pili. Nikasema mvua za mwaka huu zinachimba sana.

Akalirudishia shimo nyasi zake kwa mguu. Kisha akacheka kidogo, akasema kwa heshima, waitu shemeji, kazi nzuri hii, ila ungeanzia hapa ulipokuwa mpaka ukaelekea upande wako, ambako migomba haitii kivuli, mzungu ataona vizuri. Kweli, jua liko upande wangu. Nikakubali. Kibanja chake nitakichukua baadaye, mti kwanza.

Akajitolea kunishikia kamba. Mistari sita, kila mmoja milamula hamsini, nafasi ya hatua tano. Mstari wa mwisho ukapita nyuma ya choo cha wageni. Kamba aliishika imenyooka kuliko fundi. Mwishoni akasema kazi kubwa hivi haifai ikose lubisi, pombe yetu ya ndizi. Atakamua ndizi zake mwenyewe na atawaalika majirani. Hata wazee wa ukoo, ili waone juhudi zangu.

Nimemshinda. Amekubali mimi ni mkubwa wa boma. Usiku nitalala vizuri.

Jumamosi, 24 Machi

Naandika kalamu ikichana karatasi, lakini si kwa hofu. Ni kwa hasira ya haki.

Gari la mradi lilifika saa nne, linatoa moshi mweusi mpaka mbuzi wakakohoa. Bwana Gamaliel akashuka, na mama wa kizungu mwenye kofia kubwa. Watu walijaa. Mwenyekiti wa kijiji, Rugemalira. Mzee Mushumbusi, mkuu wa ukoo wetu, na wazee watatu wenye kanzu. Lubisi mitungi miwili. Mimi sikuonja, Kwaresima nimefunga pombe.

Mama wa kizungu alifurahi kupita kiasi. Alipiga picha kila mulamula. Gamaliel akamtafsiria kwamba ni mti wa asili, unashika udongo, haudai mbolea. Mimi nimesimama mbele, nimechomekea shati, nimeweka mikono kiunoni. Karugendo yuko nyuma na miti yake arobaini moyoni. Ilikuwa saa nzuri ya maisha yangu. Ilidumu kama dakika kumi.

Kisha Kokugonza akaja na kibuyu, akapiga goti mbele ya wazee. Akaniuliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: shemeji, milamula hii umeipanda wewe, kwa mkono wako? Nikajibu kwa kifua: kwa mkono wangu mwenyewe. Akauliza kama kuna mtu aliyenilazimisha. Nikasema mimi silazimishwi na mtu. Akauliza kama nimekunywa. Nikasema leo ni siku ya ishirini na tano sijagusa. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Kokugonza akaenda mpaka mstari wa mwisho, ule wa nyuma ya choo, akamwaga lubisi kwenye shina, kama ifanywavyo mpaka unapowekwa.

Hapo ndipo Mzee Mushumbusi alipoinuka. Akaniuliza mulamula wa baba yetu uko wapi.

Ningeweza kusema ulikuwa hapa, kwenye mstari wa kwanza, hatua ishirini na tano nyuma. Lakini angeuliza nani kaung'oa. Anayeng'oa mulamula hutajwa kwa ubaya hata siku anayozikwa. Nikamtazama Kokugonza, na yeye akanitazama. Mashimo aliyaona. Neno moja tu lingenimaliza.

Hakulisema. Akasema, kwa upole ule ule, kwamba shemeji ameuondoa mpaka wa zamani kwa hiari yake na kuusogeza upande wake, kwa kuwahurumia watoto wa mdogo wake. Si ndivyo, shemeji?

Watu themanini. Wazee wanne. Kamera. Nikasema ndivyo.

Makofi! Rugemalira aliandika kwenye daftari la kijiji palepale. Mushumbusi akatamka kwamba mulamula wa mwisho ndio neno la mwisho, na kwa kuwa kaka mwenyewe amempimia mjane mpaka, kikao cha baada ya Pasaka hakina kazi tena. Kibanja ni cha Kokugonza na watoto, pamoja na hatua ishirini na tano zangu, mibuni yangu arobaini na choo cha wageni. Na siwezi hata kusingizia pombe. Nilikuwa mtu pekee mkavu katika kundi lote.

Adventina, binti mkubwa wa Privatus, alikimbia kwenye mistari akihesabu milamula kwa sauti. Ana pengo la mbele, kama baba yake alivyokuwa nalo. Anacheka kama yeye kabisa. Kwa muda mfupi nilifurahi. Naandika hapa ili baadaye nikumbuke kwamba ilikuwa ni njaa.

Jumapili, 25 Machi

Padri amenitaja madhabahuni. Mfano wa Kwaresima. Mtu aliyeipunguzia nafsi yake akamwongezea mjane. Kanisa zima likageuka. Eufrazia aliinama kama anasali, mabega yanatikisika. Nilijua anacheka. Mwalimu Karugendo akanishika mkono mlangoni, akasema hakuwahi kunidhania wema kama huu. Alisema kwa dhati, jambo linalouma zaidi.

Jumamosi, 31 Machi

Matokeo. Shamba la mfano ni lile lenye milamula mia tatu. Na milamula yote mia tatu, kwa mujibu wa daftari la kijiji, iko kwa Kokugonza.

Bati thelathini zimeshuka kwake. Baiskeli imeshuka kwake. Kengele yake inalia vizuri sana, naisikia tangu asubuhi. Karugendo amempa miche arobaini ya kitalu chake aipande katikati ya mistari. Wageni wawili wa kwanza wamelala huko na wamesifu choo. Kokugonza alikuja jioni na mkungu wa ndizi na nusu ya sangara, akampa Eufrazia, akanisalimia kwa heshima zote. Sikula. Nilikula kidogo. Kibao changu amekiomba, na Eufrazia amempa.

Sijashindwa. Iandikwe. Kosa langu lilikuwa moja tu, nalo si langu: nilifanya biashara ya mazingira kwenye ardhi. Ardhi ina mashahidi.

Jumatatu, 2 Aprili

Muleba, kwa Mashauri, mwaloni. Nilikuja kumwambia kuni zimekwisha. Nikakuta bahati.

Mashauri na mkewe Minza wamenionyesha mmea uliokuja na maji, unaelea peke yake. Sijawahi kuuona. Majani manene yanayong'aa, na ua la zambarau, zuri kuliko ua lolote la parokia. Hauhitaji udongo. Hauhitaji mbolea. Hakuna wa kusema hapa ni kwa nani, maana ziwani hakuna mulamula. Minza anauita gugu la maji, anasema hapendi unavyong'ang'ania nyavu. Wanawake na mimea! Ni kama Eufrazia.

Mimi nimeona mbali. Ghuba nzima ya maua, mtumbwi wenye kivuli, wageni wa Ulaya wanapiga picha, wananilipa mimi. Kanazi Kijani inahamia majini.

Wiki mbili zilizopita Mashauri aliutia mmoja kwenye ndoo, kujaribu. Leo ni minne, na amenipa yote. Mmea wenye bidii namna hii hauwezi kumtupa mtu. Kesho asubuhi nakwenda kuimwaga yote ghubani, kwa mkono wangu mwenyewe.