Mzee Gidamis Alivyochechemea kwa Ajili Yangu

Jumatatu, 12 Juni 2006
Katesh, baridi kali. Wiki ya mwisho ya mafunzo ya fiziotherapia hospitalini. Mwalimu Fransiska atatupima kesho na Ijumaa. Alama zitatokana na maendeleo ya mgonjwa. Nikifeli, narudia mafunzo yote.

Nimepewa Mzee Gidamis, mfugaji aliyevunjika paja akikimbiza ndama. Tatizo: amekwisha kupona. Anatembea na gongo moja kama anayewahi mnadani. Maendeleo nitayatoa wapi?

Jioni nikapata akili. Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba kesho achechemee sana, Ijumaa atembee vizuri. Akauliza kama hiyo nayo ni dawa. Nikasema ni dawa.

Jumanne, 13 Juni
Mzee alichechemea kupita kiasi. Alikumbatia ukuta. Alimwita marehemu mama yake. Binti yake Monica, aliyeleta maziwa, akaangua kilio.

Mwalimu akaandika sana. Nikajua nimefaulu. Baadaye akaniita: mgonjwa anarudi nyuma mikononi mwangu, kwa hiyo anamhamishia kwa mwenzangu Rukia. Tena mzee haruhusiwi kwenda nyumbani.

Sielewi. Mpango ulikwenda vizuri kabisa.

Alhamisi, 15 Juni
Nimemnong'oneza mzee kwamba kesho aendelee kuchechemea, ili Rukia asipate alama zangu. Akamwambia jirani yake wa kitanda jambo kwa Kidatooga, wakacheka wote wawili.

Mchana ndugu zake wakashuka kwenye lori kutoka Gitting. Monica aliwapelekea habari kuwa baba yuko mahututi. Wamekuja kumuaga. Shangazi mmoja akanishukuru kwa kujitahidi. Nikasema karibu. Ningesema nini?

Ijumaa, 16 Juni
Mzee alisimama. Rukia akamkaribisha atembee. Yeye akanigeukia mimi.

"Daktari, nichechemee au nisichechemee? Jumatatu ulisema nitembee leo. Jana ulisema nichechemee. Ng'ombe wangu wananingoja."

Monica akaacha kukunja blanketi.

"Tembea unavyoweza, baba," mwalimu akasema.

Akatembea mpaka getini, ndugu zake nyuma. Gongo aliliacha kitandani. Mwalimu akampongeza Rukia. Rukia akasema yeye alimsalimia tu.

Mimi narudia. Mwalimu aliniuliza kama najua nilichomfanyia Monica. Nikasema sikumgusa Monica, mgonjwa wangu alikuwa baba yake. Akavua miwani, akafumba macho. Nadhani kazi imemchosha.

Jumatatu, 19 Juni
Nimeanza upya. Mgonjwa wangu ni Mama Juliana wa Bashay, bega. Analiinua vizuri, kwa bahati mbaya.

Nimefikiri tangu Ijumaa kosa lilikuwa wapi, na leo nimeliona. Kosa lilikuwa mguu. Mguu unatembea, kila mtu anauona. Bega limetulia pale pale.

Nimemwomba Mama Juliana asiinue mkono mpaka nitakapomwambia. Ameniuliza kama hiyo ni dawa.