Mbuzi Ambaye Sikumpoteza

Mwalimu Kalekye Mulei,
Nyumba za walimu, nyuma ya zahanati,
Nunguni.

Kwa Naibu Chifu, Bwana Jonah Munyao,
kwa mkono wa Mzee Mutie wa Nyumba Kumi (ambaye naomba asiifungue).

Mheshimiwa,

KUH: OMBI LA BARUA YENYE MUHURI INAYONIRUHUSU KUTEMBEA BILA KUENDA MAHALI

Kuna mlio mmoja ambao haujanitoka masikioni tangu Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano. Ni mlio wa mkono wa mizani ukigonga chuma cha juu, ko!, katika duka la nafaka la Bwana Mutiso, siku niliyopanda mahali pa kupimia magunia kwa sababu nyumbani sina mizani. Mutiso alisogeza kipimo, akakisogeza tena, kisha akatangaza kwa sauti yake ya kuuzia maharagwe: "Themanini na nne! Toa moja ya gunia, themanini na tatu!" Gunia lilikuwa nguo zangu. Wanunuzi watatu waligeuka kana kwamba wanangojea kusikia bei.

Wiki hiyohiyo muuguzi wa zahanati alinipima presha, akatazama karatasi, akaniuliza kama nimekuja kwa niaba ya mama yangu. Nina miaka ishirini na saba. Mama humeza vidonge vinne kila asubuhi, nami nimeapa kwamba sitamfuata huko mapema hivi. Nikanunua daftari, nikaanza kuandika kila ninachokula pamoja na kalori zake. Kila jioni, baada ya masomo, nikawa natembea kutoka zahanati hadi kwenye tangi la maji na kurudi. Ni kilomita sita. Baada ya wiki sita Mutiso alitangaza: "Sabini na tisa, na gunia nimetoa!" Kilo nne, Mheshimiwa. Nilirudi nyumbani nikitabasamu peke yangu kama mtu aliyepata barua.

Furaha hiyo imeharibiwa na wakaaji wa kata yako ndogo. Naorodhesha.

1. Kutembea kwangu hakukubaliki. Hapa kwetu mtu akikusalimu njiani atakuuliza unaenda wapi, na jibu lazima liwe mahali. Kwa wiki sita nilisema ukweli: "Natembea tu." Hakuna aliyeupokea. Waendesha bodaboda walisimama kunibeba bure, kwa huruma. Mama mmoja wa kanisani alinishika mkono akaniuliza polepole huyo mwanamume ni nani, na kama ana bibi. Jirani yangu Susu Kaveke, nyanya wa kijiji kizima, ambaye umri unamruhusu kusema lolote, alisimama langoni kwake akanipigia kelele: "We Kalekye! Mtu anaenda mpaka kwa tangi, anaangalia tangi, anarudi. Hilo tangi limekukosea nini?"

2. Basi jioni moja, nikiwa nimechoka kuulizwa, nilimjibu Susu Kaveke kwamba natafuta mbuzi. Akauliza ni wa rangi gani. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Swali likiulizwa, mdomo wangu hutoa jibu. Nikasema ni wa kahawia, sikio moja jeupe. Nakiri kosa hilo. Lakini naomba izingatiwe kwamba uongo wangu ulikuwa mmoja, tena mfupi. Uliobaki umeongezwa na umma.

3. Kesho yake saa kumi na moja nilikuta watu kumi na wanne mlangoni pangu wakiwa na fimbo na kamba. Mwethya, ile kazi ya pamoja ya majirani, ulikuwa umeitwa kwa ajili yangu bila mimi kujulishwa. Wewe ni mtu wa hapa, unajua: watu wakikuletea miguu yao na jioni yao, huwezi kuwaambia warudi. Mzee Mutie alitugawa makundi mawili, akapuliza filimbi, tukapanda na kushuka matuta ya watu mpaka jua likazama. Walipotaka jina la mbuzi ili wamwite, nilisema hana. Mzee Mutie alitikisa kichwa. "Ndiyo maana alienda," akasema. Wote wakaniangalia vibaya.

4. Mwenye kazi ndiye hulisha mwethya, kwa hiyo tangu siku hiyo napika sufuria nzima ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kila jioni. Wageni wakila, mwenye nyumba hawezi kukaa pembeni na tango. Anayepakua ni Susu Kaveke, naye hupakua kwa upawa, kipimo ambacho hakimo katika jedwali lolote la kalori nililowahi kuliona. Ukurasa wa siku ya kwanza wa daftari langu unasema: "Upawa mmoja, kalori 400?" Chini yake: "Upawa wa pili, 400?" Chini yake tena: "Mungu anajua."

5. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Susu akipakua husema, "Kula, mwanangu. Angalia shingo imebaki hivi. Huyu mbuzi atakumaliza." Na watu huitikia, wakihesabu mifupa yangu. Kilo nne nilizozitoa kwa jasho langu, kabla ya mbuzi yeyote kutajwa, zimeandikwa kwa jina la mbuzi! Hata mwalimu mkuu amenipa pole mbele ya gwaride.

6. Jumapili mbuzi aliombewa kanisani, kabla ya wagonjwa. Jumanne Mutiso aliniletea mbuzi mweusi, akanieleza kwamba huenda rangi imebadilika kwa baridi ya huku juu. Nilipomkataa, kikundi kizima kilinipigia makofi kwa sababu ya uaminifu wangu. Nimesifiwa kwa uaminifu, Mheshimiwa, siku ya tisa ya uongo.

Kwa hayo yote nina maombi mawili.

Kwanza, uniandikie barua. Wewe huwaandikia wanaotafuta kitambulisho, wanaotafuta karo na wanaozika. Sijui sheria yoyote inayokuzuia kuandika kwamba mwenye barua hii anatembea kwa sababu ana miguu, hatafuti mtu wala mnyama, na asiulizwe. Muhuri uwe mkubwa, usomeke kutoka kwenye bodaboda.

Pili, utangaze katika baraza la Alhamisi kwamba mbuzi hayupo, hajawahi kuwapo, na kila mtu abaki kwake jioni. Nitavumilia aibu. Mimi ni mtu wa peke yangu tangu utotoni. Hata darasani nilichagua dawati la ukutani. Nataka kutembea kilomita zangu sita kimya, na kilo zangu ziwe zangu.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, karani wako, na watoto wote. Msalimie pia Mzee Mutie, ambaye najua amesoma mpaka hapa.

Ni mimi, mkaaji wako mtiifu, mwenye miguu miwili na bila mfugo wowote,

Kalekye Mulei

NB: Tafadhali usitangaze lolote Alhamisi. Jana, baada ya kuandika hayo ya juu, mvua ilinyesha, na saa kumi na moja hakuna aliyekuja. Nilienda peke yangu, kama nilivyokuomba. Nilifika kwenye tangi, nikaliangalia. Halikuwa na la kusema. Kisha nikasikia Susu Kaveke akipanda mlima na mwavuli wake, akimtukana mbuzi kwa sauti, na wenzake wanane nyuma wakihema. Kwa miaka mitatu muuguzi amekuwa akimwomba Susu atembee, naye akikataa. Siku hizi ananiacha kwenye mteremko na kunicheka. Kwa hiyo leo asubuhi nimeenda sokoni nikanunua mbuzi wa kahawia mwenye sikio moja jeupe. Nimempandisha pikapu, na sasa hivi amekwisha fika kwa shangazi yangu Makindu, ambako hakuna wa kwetu atakayemfuata kwa miguu. Atapatikana nitakapofika kilo sitini na nane.