Mume Wangu Anasubiri Kuzaliwa

Mheshimiwa Mchungaji,

Shikamoo, na pole kwa kazi ya kutuchunga sisi tusiochungika. Mimi ni mke wa fundi makochi, ninayekaa benchi la nyuma chini ya feni mbovu. Naandika kwa heshima zote kulalamikia mahubiri yako kwamba mtu huzaliwa upya kwanza, ndipo aweze kuamini. Yaliyonipata ni haya:

1. Mume wangu, ambaye miaka yote alinisindikiza hadi getini na kurudi zake, siku hiyo aliingia, akasikiliza, akafurahi kupita kiasi. Ulisema maiti haijifufui wala mtoto hajizai. Tangu hapo amejilaza kwenye kochi la mteja, anasubiri kuzaliwa. Nikimwambia aombe, ananijibu, "Mama, aliye tumboni ataombaje?"

2. Kochi lenyewe si letu. Ni la mkunga mstaafu wa mtaa wa pili. Alipokuja kulifuata alimkuta mume wangu amelala juu yake, mikono kifuani, akaambiwa avute subira mpaka uchungu uanze. Mama wa watu akavaa miwani, akamuuliza amefikisha miezi mingapi.

3. Wifi yangu, kiongozi wa kwaya, yule tunayemwita Kipaza, anashikilia kuwa imani ndiyo hutangulia. Kila jioni anakuja kusimama kichwani pa kaka yake na kupaza, "Amini, uzaliwe!" Naye anajibu, "Nizaliwe, niamini!" Majirani wanadhani ni mazoezi ya wimbo. Wengine wameanza kuitikia.

4. Ugonjwa umeenea. Nilipomwomba mume wangu akaze bawaba ya dirisha, alisema hajapewa moyo wa bawaba. Nami nikagoma kupika mpaka nipewe moyo wa sufuria. Tulilala na njaa, kila mmoja na msimamo wake thabiti.

5. Hili naliandika kwa shida. Juzi, Wifi alipoondoka, mume wangu aliniuliza taratibu, macho yakiwa darini, "Mke wangu, na kama mimi simo kati ya watakaozaliwa?" Nilikuwa na jibu kali tayari, badala yake nikaketi ukingoni mwa kochi. Mchungaji, huyu mtu hafanyi mzaha. Anaogopa. Amejificha ndani ya mahubiri yako kama mtoto anayejifunika shuka ili giza lisimwone.

Kwa hiyo naomba Jumapili utangaze rasmi kipi kinatangulia. Ikiwa ni kuzaliwa, nipe makadirio ya tarehe nijiandae, na unijulishe kama ndoa yetu itaendelea, maana mimi niliolewa na mtu mzima. Sitaki kuonekana naishi na kichanga. Ikiwa ni imani, mwambie mwenyewe, kwa sauti ya kumshinda Kipaza kama hilo linawezekana. Usipotangaza, nitamleta kanisani juu ya kochi, wanakwaya wabebe, na mkunga atafuata nyuma akidai mali yake.

Nisalimie mama mchungaji, wazee wa kanisa wa pande zote mbili, na mlinzi wa getini ambaye hajasema yuko upande gani, Mungu amzidishie.

Ni mimi kondoo wako, kwa unyenyekevu uliosalia,

Mke wa Fundi Makochi

N.B. Nilikuwa naifunga bahasha mume wangu alipoingia jikoni, nyundo mkononi, misumari midomoni, machozi yakimtiririka. Akaitema misumari kiganjani, akasema, "Mama, naamini." Nikamuuliza tangu lini. "Sijui. Nilikuwa nabandua kitambaa cha zamani cha kochi, nikajikuta naongea na Mungu, wala sikuwa nimekusudia." Nikamuuliza, basi kipi kilianza? "Mwanamke, usinichanganye. Huoni nalia?"

Kwa hiyo, Mchungaji, lile tangazo liache kabisa, na kama umeshaandaa mahubiri, yaweke kabatini. Barua naileta hivyohivyo kwa sababu nimeiandika vizuri. Njoo tu utuombee. Wifi yuko mlangoni, anataka kujua kilichotangulia. Nimemwambia kilichotangulia ni machozi. Mengine sikuyaona, nilikuwa nimempa kaka yake mgongo, naandika barua hii.