Sina Afungue Jumapili Nyeupe

Jumatatu, 29 Septemba

Mama Mchungaji ametuita wazazi na mababu. Anasema watoto watakaoanza shule mwakani wazoee sasa: kila jioni baada ya sala, mtoto akae mkekani na mtu mzima, waangalie chati ya herufi na mstari wa Biblia, muda wa birika kuchemka tu, kisha akacheze. Sikusikiliza sana. Nilikuwa nangoja habari yenyewe. Ikaja: mmoja wa hawa wadogo atafungua ibada ya Jumapili Nyeupe, sikukuu ya watoto kanisani, kwa mstari wa kondoo aliyepotea, bila kusoma popote!

Lauvao, jirani yangu na shemasi mwenzangu, akajikohoza. Eti mjukuu wake Iopu huusema mstari huo hata usingizini. Watu wakamsifu. Mdomo ukaniponza: nikatangaza kwamba mjukuu wangu Sina anajua sura nzima. Sina ana miaka minne. Anachokijua bila kukosea ni majina ya nguruwe wetu.

Asipochaguliwa nitapitaje mbele ya nyumba ya Lauvao? Na ndiyo njia pekee ya kwenda dukani.

Jumatano, 1 Oktoba

Mpango wa kwanza. Kila neno, panikeke moja ya moto, yale maandazi yetu ya mviringo. Akili hiyo!

Sina amepata nusu ya mstari na sinia limebaki mafuta matupu. Kisha ametapika juu ya chati. Fuatino, mke wangu, ameuliza nani kamlisha mtoto hivi. Nikasema ni joto. Nimemwambia Sina asimwambie Bibi.

Ijumaa, 3 Oktoba

Lauvao humsomesha Iopu katika sala ya jioni. Lazima nijue anafanyaje. Kombe la baharini likapulizwa kutangaza saa ya sala, ambapo ni marufuku mtu kuonekana nje; kijiji kizima kikaingia ndani, barabara tupu. Mimi nikaingia migombani nyuma ya nyumba yake kwa magoti. Nikaona! Lauvao anasema neno, mtoto analirudia. Basi! Hakuna siri nyingine.

Wakati wa kurudi, vijana wanaolinda saa ya sala wakanikamata. Shemasi mzima! Barabarani! Magoti yana matope! Nikajitetea kwamba nafuata nguruwe. Mmoja akaniuliza kwa adabu zote, "Nguruwe gani, mzee? Mbona wote wamelala?" Baraza la kijiji limenitoza faini ya katoni ya samaki wa kopo. Fuatino ameitoa kabatini, akaifuta vumbi, akanitwika niipeleke mwenyewe. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 7 Oktoba

Sema nami nirudie! Maajabu! Nikipandisha sauti, Sina anapandisha. Nikikohoa, anakohoa. Tunafanya hivyo mpaka nguruwe wanakimbia.

Mama Mchungaji alipita akatukuta. Akashauri kwa upole nimuulize mtoto kondoo alipotea wapi na nani alimtafuta, halafu ninyamaze nimsikilize. Nimemwitikia vizuri. Mwanamke mwema sana, ila mashindano hayajui. Kondoo apotee anakotaka, mradi mstari utoke.

Alhamisi, 9 Oktoba

SINA AMECHAGULIWA!

Mama Mchungaji anasema ni kwa sababu jioni zote Sina huleta mkeka mwenyewe bila kutumwa. Mkeka! Mwalimu hatajwi hata kwa bahati mbaya. Si kitu. Leo nimekwenda dukani asubuhi, mchana na jioni. Sikuwa na cha kununua. Nimepita polepole.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeumbuka. Ngoja niandike yote.

Kanisa limejaa, wote weupe pe. Lauvao kakaa ubavuni mwangu. Sina akasimama mbele na ua sikioni, mdogo kuliko meza, nami machozi yakanilenga. Akausema mstari wote! Hata neno moja halikuanguka. Watu wakaguna kwa raha. Nikamgeukia Lauvao kidogo tu, anione meno.

Sina hakukaa. Kwake somo lilikuwa bado halijaisha. Akavuta pumzi, akakohoa kikohozi changu, akaendelea kwa sauti yangu ileile ya mazoezi: "Tena! Simama wima! Acha kujikuna! Pandisha sauti! Mjukuu wa Lauvao kichwa chake nazi kavu, hawezi kutushinda! Panikeke Bibi asijue!"

Mchungaji akainamia Biblia, mabega yakimcheza. Kwaya ililala juu ya viti kwa kicheko. Fuatino peke yake hakucheka. Lauvao alicheka mpaka akanishika goti.

Halafu chakula. Siku hii watoto hula kwanza na wakubwa tunawahudumia, na Mama Mchungaji akanipangia upande wa Iopu. Nikamwinamia na sinia. Kijana huyo akanitazama akasema, "Babu Pesamino, nazi kavu inaomba paja la kuku." Nikampa. Akaomba na la pili.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mapumziko ya sikukuu. Sikutoka nje. Nilikuwa nimeapa kwamba masomo yamekwisha, chati nikaitupa juu ya kabati.

Jioni, sala ilipomalizika tu, Sina akaburuta mkeka mpaka miguuni pangu. Akapanda kiti, akaishusha chati. Nikamwambia Jumapili Nyeupe imepita, hakuna haja tena. Akaniambia, "Kaa, Babu. Leo mimi nasema, wewe unarudia." Akanionyesha herufi moja moja kwa kidole, kisha akanisimulia kondoo alipotea wapi: nyuma ya duka, alifuata biskuti. Sikumfundisha hilo. Nimekaa kimya nikamsikiliza mpaka birika likachemka, na sijui lini nilifurahi hivi. Mama Mchungaji alisema kweli. Naliandika hapa ambapo hakuna atakayelisoma.

Nimetafakari kwa makini, na kosa langu nimelijua. Nilichelewa kuanza! Miaka minne, mtoto ameshakuwa na maneno yake.

Binti yetu mdogo ana kichanga cha miezi saba. Nimemwegemeza kwenye mto na kumfungulia chati. Amekula kona yote, herufi ya kwanza imeingia tumboni. Mwanzo mzuri sana! Lauvao hana mtoto wa miezi saba.