Mvuke Tu wa Stroberi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Sasa hivi mwanangu Kifaranga ameshika penseli ya rangi kati ya vidole viwili, akaitia mdomoni, akafumba jicho moja, akapuliza hewa juu. Kisha akakung'utia majivu kwenye kiatu changu! Majivu ya hewa! Hajatimiza hata miaka mitatu! Nusura sindano ya cherehani inipite kidoleni. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anapumzika, kama baba.

Kama baba! Mume wangu ni fundi rangi, na kweli kila akishuka kwenye ngazi husema anapumzika, na kupumzika kwake ni sigara. Na huyu mtoto kifua hakitulii, anakohoa kama kizee. Nimeapa: sigara itatoka nyumba hii, na atakayeitoa ni mimi. Mpango ninao. Mzuri mno, nacheka peke yangu.

Jumanne, tarehe 5

Nimekwenda kwa wifi yangu, mwenye duka la vipodozi. Tangu harusi yetu ananiona mshamba. Kaniuzia sigara ya umeme, kidude cha rangi ya waridi, unene wa kidole gumba. Nikamuuliza ndani kuna nini. Akacheka mpaka wateja wakageuka. Ni mvuke tu wifi yangu, kwani birika likichemka huwa unakimbia? Nikaona haya kuuliza tena. Hakina moto, hakina majivu, kinanukia stroberi. Safi!

Jioni nikampa Baba Kifaranga. Akakigeuza, akakinusa, akasema yeye mwanamume mzima hawezi kutembea ananuka jamu. Basi nikavuta mwenyewe, aone kuwa hakina neno. Kichwa kikazunguka, nikakaa sakafuni. Njaa hiyo.

Alhamisi, tarehe 7

Bado anakataa. Inabidi niendelee kumwonyesha mfano. Namwonyesha hata akiwa kazini.

Uzuri wake hakiachi harufu kwenye nguo za wateja. Kinakaa kwenye droo ya cherehani, kati ya vifungo na chaki. Nikianza pindo, navuta. Nikimaliza pindo, navuta. Uzi ukikatika navuta kwa masikitiko.

Jumapili, tarehe 10

Balaa! Kidude kimeisha chaji na umeme hakuna tangu asubuhi. Nimemfokea mteja kwa kuwa na mabega mapana. Nimelia kwa sababu ya zipu. Baba Kifaranga akaja taratibu, akaniuliza, Mama Kifaranga, unaumwa? Nikamwambia ni moshi wake unaonichafua roho. Akainamisha kichwa, masikini. Akasema Jumatano tukimpeleka mtoto kliniki, atamwomba muuguzi amsaidie kuacha.

Nimeshinda! Mfano wangu umemwingia!

Umeme umerudi. Nimembusu mwanangu, nimeibusu na swichi.

Jumatano, tarehe 13

Tumetoka kliniki, na niliyoyasikia si madogo.

Muuguzi amemsikiliza Kifaranga kifua, akasema dawa yake ya kwanza ni nyumba isiyo na moshi. Kisha akamgeukia baba yake. Kumbe kinachomshika mvutaji kinaitwa nikotini! Ikipita mapafuni inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, hata kiberiti hujakirudisha mfukoni. Ubongo unafurahi, halafu unadai tena. Ndiyo maana akikosa anakuwa mkali, analia ovyo. Nikamtazama mume wangu kwa huruma. Muuguzi akampa chingamu ya dawa. Hiyo nikotini yake inapita shavuni polepole, haimpigi mtu kwa kishindo, na atapunguziwa mpaka aache kabisa.

Baba Kifaranga akauliza, na ile ya umeme je? Muuguzi akasema nayo inapita mapafuni vilevile, na nyingi zina nikotini hiyohiyo, ila imelainishwa isikwaruze koo, basi mtu anavuta bila kushtuka. Sigara ikiisha inakuunguza vidole. Hii haikuambii basi. Mvutaji aliyehamia huko moja kwa moja huenda akapunguza madhara, maana hakuna kinachoungua. Lakini asiyevuta kabisa kwenda kujianzishia, hapo amejitia pingu mwenyewe. Na maji yaliyomo ndani yake mtoto akiyalamba ni sumu!

Sumu! Na mimi droo iko wazi kutwa! Halafu nikamfikiria huyo mtu asiyevuta aliyekwenda kujianzishia. Mjinga wa namna gani huyo? Nilishtuka hivi kwamba ilibidi nitoke, nikasimama nyuma ya choo cha kliniki nitulize moyo. Kwa stroberi.

Kidude nimekihamishia juu ya kabati, ndani ya kopo la vipande vya vitambaa.

Jumamosi, tarehe 16

Baba Kifaranga anatafuna kama mbuzi, lakini sigara hajagusa. Kifaranga amelala bila kukohoa! Nililala na sikio kifuani pake, nikafurahi mpaka machozi.

Nimemwendea wifi nikiwa nimevimba. Si ulisema mvuke tu? Akanijibu hukuuliza mvuke wa nini. Mwanamke huyu! Nimemlazimisha anibadilishie. Sasa nina cha embe, na ameapa nikotini yake ni nusu. Kwa hiyo navuta mara mbili na bado sijazidisha hata kidogo. Hesabu hiyo wifi hakuitegemea.

Kupanda kigoda kutwa kunaniumiza goti, lakini kwa mwanangu nitavumilia. Wasiwasi wangu ni baba yake. Anaiulizia chingamu kila mara. Nahofia imemshika.

Jumatatu, tarehe 18

Jamani! Nimemkuta Kifaranga chini ya meza ya kukatia, mtandio wangu kichwani, kaficha chaki ya cherehani ndani ya ngumi. Anaivuta! Kisha akapepea hewa kwa mkono, haraka haraka, akachungulia mlangoni. Nikamuuliza unafanya nini, mwanangu? Akasema anamwonyesha baba mfano.

Nimepigwa na butwaa. Nani anamfundisha mtoto wangu mambo haya? Baba yake ameshaacha! Lazima ni kule dukani kwa wifi, nilikokwenda naye Jumamosi. Hatakanyaga tena. Na nimeshapata mpango mwingine, mzuri kuliko ule wa kwanza: nitanunua cha nanaa, maana nanaa ni dawa ya kifua, halafu

Baba Kifaranga ananiita. Alipanda kigodani kutafuta kitambaa cha kufutia brashi, na kopo analo mkononi. Anauliza hiki cha nani. Sauti imetulia mno, siipendi. Nimemjibu nakuja mume wangu. Ila nina kingine cha akiba hapa mfukoni, acha nivute kidogo tu, mara moja, nipate ujasiri wa