Maana Moja Tu ya "Can"

Kwa furaha kubwa, na kwa kuzingatia maslahi mapana ya umma, Halmashauri ya Mji wa Kuala Sentang ilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu neno la Kiingereza "can", yaani "inawezekana", litakuwa na maana moja tu: ndiyo. Can ya kuuliza, can ya kubeza, can ya kuvuta ambayo hasa ni hapana, na zile can mbili za haraka za kumwondoa mgeni mlangoni kwa adabu, zote zilifutwa.

Utekelezaji alikabidhiwa Encik, yaani Bwana, Khusairi, Mkuu wa Kitengo kipya cha Uwazi wa Lugha. Aliipokea kazi kwa moyo wote. Ujanani alikwenda kuposa, mama wa binti akamjibu can, ndefu kidogo. Khusairi akakimbilia kununua pete. Binti akaolewa na mwenye duka la matairi.

Asubuhi ya kwanza alianza ukaguzi sokoni, kwa Madam Siew Ngoh, muuza tambi.

"Anti, naweza kupata bila pilipili?"

"Can."

Sahani ikaja nyekundu.

"Anti, hii ina pilipili."

"Bila pilipili can. Ila leo nimeshazichanganya."

"Basi hiyo ni hapana."

"Mwanangu, mteja ukimwambia hapana, anakwenda kwa jirani. Ukimwambia can, anakaa. Akishakaa, atakula."

Khusairi akampa onyo rasmi, kisha akala huku machozi yakimtoka.

Jambo kubwa lilikuja wiki ile ile. Mwenyekiti wa halmashauri, Wan Nazri, mwenye cheo cha heshima cha Dato', alitaka kuzindua gati jipya la mbao akiwa juu yake na madiwani wote, wake zao, na kikundi cha ngoma. Khusairi akatumwa kwa mhandisi wa mji, Puan, yaani Bibi, Thilagavathy, apate jibu la kitaalamu.

"Puan, gati litawabeba wote?"

Mhandisi alizitazama nguzo, akavuta pumzi kati ya meno.

"Caaaan," alisema, akilivuta neno kama mtu anayemburuta mbuzi kumwingiza majini.

Kila aliyezaliwa mjini pale aliielewa can ile.

"Mvuto umefutwa, Puan. Kama ni hapana, sema hapana."

"Nimwambie Dato' hapana? Aliyenitangulia alimwambia hapana, sasa anakagua makaro. Neno la kumwonya mkubwa tulikuwa nalo hilo moja tu, na mmelichukua."

Khusairi akarudi ofisini na, kwa kufuata kanuni mpya, akaripoti: ndiyo.

Siku ya uzinduzi maji yalikuwa yamekupwa. Khusairi, kwa kuwa cheo chake hakikufikia gatini, alibaki ukingoni na wananchi. Dato' alikuwa katikati ya aya ya hotuba yake kuhusu uwazi pale nguzo ya kwanza ilipolia. Gati likainama taratibu, kwa heshima zote, likawashusha viongozi kwenye tope hadi kiunoni. Ngoma zilishuka mwisho.

"Leteni mashua," Dato' aliwaambia watu wa ukingoni. "Can?"

"Can, Dato'," walijibu kwa pamoja, fupi na safi, kama kanuni inavyotaka. Hakuna aliyeinuka. Mmoja alimsogezea mwenzake mwavuli.

Dato' alingoja. Tope halikumngoja.

"Khusairi, hawa wanamaanisha nini?"

"Kwa mujibu wa kanuni, Dato', wanamaanisha ndiyo."

"Mbona hawaji?"

"Kanuni haikugusa suala la kuja, Dato'."

Mke wa diwani mmoja alianza kucheka, akazibwa mdomo na mumewe kwa kiganja chenye matope.

"Basi njoo wewe. Utanitoa?"

Khusairi aliyatazama matope, akamtazama Puan Thilagavathy aliyekuwa kando yake, mikono kifuani. Miaka yote ya utumishi hakuwahi kumnyima Dato' jibu alilolitaka.

"Caaaaan," alisema.

Uso wa Dato' ulibadilika. Naye alikuwa mzaliwa wa pale.

"Ile ya ndiyo," aliuliza kwa sauti ya chini, "au ile nyingine?"

"Ile mliyoifuta, Dato'."